Injini Mpya kwa Mashine ya Mume Wetu

Nyumbani, 9 Juni

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia huko uliko hata kabla ya kufungua bahasha, na kama hujaniamkia, weka barua chini, niamkie, ndipo uendelee.

Huku wazima. Paka amezaa ndani ya kikapu changu cha vitunguu, watoto wanne, na mmoja ana uso wa jirani yetu Seremala, uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Baba yako alipita wiki iliyopita, akala, akalala, akaondoka. Alisema umenenepa kwenye picha. Nimefurahi, endelea hivyo hivyo. Unajua mimi darasani sikukanyaga, herufi zangu nilifundishwa na magunia ya mbegu na makopo ya dawa ya wadudu, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze mwenyewe.

Sasa neno lililonikalisha chini. Ile mashine ya kulimia bustani aliyotuachia mume wetu, marehemu babu yako, injini yake imekufa. Sitaki kuiuguza. Nataka injini nyingine ije ikae mahali pake. Fremu ni nzima, visu vya kulimia havijaisha, mpini ni ule ule wa kutoa watu malengelenge. Injini tu.

Wewe ni fundi injini, mwaka wa pili huu uko karakana, kwa hiyo kazi ni yako. Na nina haraka. Shangazi yako alikuja na lile gari lake jipya, akasimama katikati ya bustani kashika kiuno, akatazama magugu. Akasema, "Mama, umechoka. Chumba chako kule kwangu kiko tayari, nimetia mpaka mapazia." Nikamwambia mimi sijachoka, iliyochoka ni injini. Tukabishana hadi chai ikapoa, mwisho tukapatana mbele ya Seremala. Mvua za kwanza zikikuta bustani imelimwa, nabaki kwangu na hataniuliza tena. Zikikuta magugu, nafunga begi langu, napanda gari lake, na bustani apewe mwingine.

Chumba chenyewe nimekiona. Kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta.

Niambie unataka kujua nini ili upate injini. Niambie pia kama umeshapewa meza yako ya kazi, maana walisema mwaka mmoja tu, na mwaka umepita.

Ni mimi Bibi yako, na sijachoka.


Karakana, 27 Juni

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu,

Nimekuamkia kabla ya bahasha na baada ya bahasha, usinidai tena. Hapa sijambo. Mwenzangu wa chumbani bado anaimba akiwa anapiga mswaki, na bado haijulikani anaimba nini. Mkuu wa karakana yetu amenunua miwani mpya na sasa anaona makosa ambayo zamani tulikuwa tunaishi nayo kwa amani. Kazi ni nyingi, mikono haipumziki kutwa.

Pole kwa injini. Kabla hatujaizika nina swali moja. Ukivuta kamba ya kuwashia, inasemaje? Inakohoa? Inakaa kimya? Kamba ni nzito, au inavutika bure bure? Nauliza kwa sababu mara nyingi ni plagi imeziba masizi, au kabureta imeshika uchafu, na hayo Seremala anaweza kuyasafisha kwa maelekezo yangu tu.

Ikiwa kweli imekufa, basi nahitaji vipimo. Kuna ile shafti, mhimili unaotokeza ubavuni mwa injini na kushika puli, lile gurudumu la mkanda. Nataka unene wake kwa milimita. Puli yako haitakubali shafti nyembamba wala nene. Tena nataka umbali kati ya matundu ya bolti nne zinazoishika injini kwenye fremu. Injini isiyolingana na matundu ni jiwe tu lenye tangi la petroli.

Shangazi hajaniandikia. Akiniandikia nitamjibu kwa adabu na sitasema kitu.

Usisahau swali la kamba.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 20 Julai

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku nne kwenye mfuko wa koti la Seremala. Yeye ndiye aliyeipokea sokoni, na koti hilo halivai ila akienda kwa watu. Nilimsema mpaka akanywea. Akajitetea kwamba ananichotea maji kila asubuhi, na mkewe ananianikia nguo, kwa hiyo wana haki ya kusahau jambo moja kwa mwezi. Nikamwambia haki hiyo ameshaitumia hadi mwaka ujao.

Watoto wa paka wamefumbua macho. Yule mwenye uso wa Seremala ndiye mvivu kuliko wote.

Umenitajia milimita. Milimita hatujawahi kukutana. Futi ya Seremala imefutika namba upande mmoja na yeye hukisia, ndiyo maana meza yangu hii inacheza ninapoandika. Basi nikafikiri. Nikachukua miche mitatu mipya ya sabuni ya kufulia, nikaianika juani ikalainika. Miwili nikaipanga ubavu kwa ubavu, Seremala akaifungua injini, akaikalisha juu yake, akaikandamiza kwa nguvu zake zote, naye si mtu wa nguvu nyingi lakini sabuni ilikuwa laini. Miguu ya injini ikajichora, matundu yote manne yakatokea. Mche wa tatu nikauchoma kwa ncha ya shafti. Likabaki tundu la duara, safi kama pua ya mtoto aliyepanguswa. Pima hapo milimita zako.

Sabuni inakuja kwa dereva wa lori la vitunguu, nimeifunga kwenye gazeti. Asije akakwambia imepotea, nimehesabu.

Ulitaka kujua ukivuta kamba injini inasemaje. Sasa mwanangu, nitavuta kamba ya injini iliyokalia sabuni? Tusipoteze muda.

Na wewe hukunijibu habari ya meza. Kazi nyingi nimesikia, mikono haipumziki nimesikia. Meza je?

Bibi.


Karakana, 11 Agosti

Shikamoo Bibi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe naiandika sasa hivi ili iishe.

Sabuni ilifika salama. Dereva aliikabidhi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Niliifungua, nikaitazama, nikacheka peke yangu, matundu yalikuwa mazuri mno. Ilikuwa saa ya chakula na rula ilikuwa imefungiwa kwa Mkuu, basi nikaiweka ukingoni mwa beseni nikaenda kumwomba ufunguo. Mkuu hakuwapo. Nilipomaliza kumtafuta nikarudi, nikakuta mafundi sita wamejipanga kwenye beseni wananawa grisi. Kwa vipimo vyako, Bibi. Miche yote mitatu. Mmoja alikuwa ananawa hadi kwenye viwiko.

Nikasema, "Jamani, hiyo ni injini ya bibi yangu."

Mmoja akanijibu, "Mwambie inatoa povu zuri."

Mkuu aliporudi alinusa mikono yake, akauliza tumepata wapi sabuni ya maana kiasi hiki, karakana iwe inanunua hiyo. Shafti yako sasa ina unene wa ndoo, na matundu manne yamekuwa ziwa moja.

Naomba unisamehe unitumie vipimo vingine, ila visiwe vya kitu ambacho mtu anaweza kunawia. Wala kula.

Mbona hukusema neno juu ya kamba? Injini ilikuwa kwenye sabuni siku moja. Kabla ya siku hiyo ilikuwa inasemaje?

Mjukuu wako mwenye aibu.


Nyumbani, 28 Agosti

We mtoto,

Marahaba nakupa, lakini nusu. Nusu nyingine utaipata nikimaliza hasira. Miche mitatu. Mimi nilifulia mche wa zamani mwezi mzima, umebaki kama kucha, ili ile mipya iende kwako ikiwa na kona zake. Na nyinyi mkanawa viwiko.

Hasira imekwisha. Seremala alipoisikia barua yako ilibidi akae chini. Anaendelea kucheka hadi leo, akipita nje ya uzio anauliza kama bado naogesha injini.

Sasa tumefanya kazi ya watu wazima. Nilichukua boksi, upande mnene usio na maandishi. Nikaipaka miguu ya injini grisi, Seremala akaigonga juu ya boksi kama karani anavyogonga muhuri. Miguu minne, matundu manne, nyeusi tii. Pembeni nikakata tundu kwa kisu, nikalipanua kidogo kidogo hadi shafti ikaingia bila kucheza. Mtu hanawi boksi. Hata hivyo safari hii lisitoke mkononi mwako hata ukienda chooni.

Halafu nimeisoma barua yako mara tatu. Umesema uliweka sabuni ukingoni mwa beseni. Beseni, wakati ulikuwa na meza? Fundi injini vitu vyake huviweka mezani kwake. Mimi ni bibi kizee lakini si kipofu. Nitaliacha swali hapo, ulichukue ukiwa tayari.

Umeuliza injini ilikuwa inasemaje. Ilikuwa inasema ni ya zamani. Je, hiyo haitoshi?

Shangazi yako alipiga simu kwa Seremala akaomba kuongea nami. Akaniuliza kama napendelea godoro gumu au laini. Nikamwambia napendelea la kwangu. Mawingu bado, lakini asubuhi upepo umegeuka, na kile kidonda changu cha zamani cha kisigino kimeanza kuwasha. Fanya haraka.

Bibi, na hiyo nusu ya marahaba shika.


Karakana, 15 Septemba

Shikamoo Bibi, nzima nzima,

Boksi limefika na nimelala nalo chini ya mto. Mwenzangu wa chumbani ameacha kuimba, anasema ananiogopa.

Nimepima, na injini imepatikana. Imetoka kwenye pampu ya maji ya bwana mmoja aliyenunua kubwa zaidi. Shafti inaingia kwenye tundu lako kama kidole kwenye pete, na bolti nne zinakaa juu ya alama za grisi bila kubembelezwa. Mkuu ameitoa kwa sharti moja, ile ya zamani irudi huku ifunguliwe tutoe vipuri. Kwa hiyo msiitupe, mpeni dereva wa vitunguu akigeuza.

Sikiliza kwa makini. Injini inasafiri bila oili tumboni. Kabla ya kitu chochote mtie oili hadi kwenye alama ya kijiti cha kupimia, maana mkiiwasha kavu hiyo nayo itakufa, na itakufa kweli. Puli muitoe kwenye shafti ya zamani bila kuigonga nyundo. Kuna kichuma kidogo kimelala kwenye mfereji wa shafti, kinazuia puli isizunguke bure. Kikianguka kwenye majani mtakitafuta mpaka mvua ziwakute, kwa hiyo tandikeni shuka kwanza. Puli ya injini na puli ya chini zitazamane sawa, mkanda usiende upande.

Jambo la mwisho. Injini zilizolingana na boksi lako zilikuwa mbili. Moja ni ya kamba, nyingine inawashwa kwa ufunguo, ina betri yake ndogo. Nimekuchukulia ya ufunguo. Usiniulize kwa nini, nami siulizi tena habari ya kamba.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 4 Oktoba

Mke mwenzangu,

Marahaba kamili, na juu yake nyongeza.

Yule mtoto wa paka mvivu amehamia kwa Seremala. Wamelingana, wanalala saa moja na kuamka saa moja.

Injini ilifika Jumatano. Alhamisi tukatandika shuka. Kichuma kilianguka kwenye shuka kama ulivyotabiri, na Seremala akaanza kukitafuta kwenye majani. Oili tukatia mimi nikishika kijiti. Bolti tatu zikaingia zenyewe, ya nne ikataka maneno makali. Mkanda tukauvalisha. Seremala akaamkia ile mashine, kwa heshima kabisa, mimi nikazungusha ufunguo.

Ikawaka papo hapo. Mkanda ukazunguka mara mbili tatu, ukaruka, ukamvua Seremala kofia. Kofia ikatua juu ya banda la kuku. Yeye alibaki amesimama na mikono kichwani, akaniuliza taratibu, "Mama, kichwa kipo?"

Nikamwambia kipo, ila hakijatumika siku nyingi.

Kosa tumelipata na ni lako na langu. Boksi lilikuwa na miguu na lilikuwa na tundu, lakini kimo hatukupima hata mmoja wetu. Shafti ya injini hii imekaa chini kuliko ya zamani kwa unene wa dole gumba, ndiyo maana mkanda ulilegea. Seremala akasema hapo ndipo seremala anapohitajika. Akakata ubao mgumu wa unene huo huo, akautoboa matundu manne kwa kufuata boksi, akaulaza chini ya injini, akaenda mjini kutafuta bolti ndefu. Ijumaa tukawasha tena, yeye safari hii amesimama nyuma ya mlango. Mkanda ulikaa. Visu vikauma ardhi. Mke mwenzangu, ile harufu ya udongo uliopinduliwa nilikuwa nimeisahau. Nililima kitalu cha kwanza na cha pili, nikakaa kwenye ndoo nikanywa maji, nikalima cha tatu.

Nusu ya bustani imekwisha. Mawingu yapo, yanazunguka kama mgeni asiyejua mlango. Injini ya zamani imeondoka na vitunguu leo asubuhi.

Huo ufunguo ni mzuri. Unazunguka kwa vidole viwili. Nimeona niliandike hilo.

Bibi.


Karakana, 19 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Sisi hapa wazima. Keti kwanza, kisha usome.

Ubao muubadilishe kwa bamba la chuma, nalituma wiki ijayo, mtetemo utaukata huo. Mwambie Seremala si kwamba nadharau kazi yake.

Injini yako ya zamani ilifika juzi. Mkuu aliiweka juu ya meza mbele ya mafundi wote, akaizungusha akiitafuta iliko mbovu. Plagi safi, kabureta safi. Akatia kikombe cha petroli, akaniambia, "Wewe mwenye bibi, njoo uvute." Nikavuta kamba mara moja. Ikanguruma, Bibi. Ilinguruma hadi bati la juu likatikisika, na mtu mmoja akadondosha chai.

Mkuu akaizima, akavua miwani. "Nani alisema hii imekufa?"

Nikasema, "Bibi yangu."

"Na wewe ukamwamini?"

Nikasema sikumwamini. Nilimuuliza mara mbili inalia vipi, na mara mbili akaniambia jambo jingine. Mtu aliyefiwa na mashine hukusimulia kifo chote, tangu kikohozi cha kwanza. Halafu anachotewa maji na jirani, nguo anaanikiwa, na yeye ni mtu aliyewahi kumfukuza shangazi jikoni kwa kumwoshea kikombe. Nikasema kilichokufa si injini. Ni mkono unaovuta kamba. Ndiyo maana nilimpelekea ya ufunguo.

Hakuna aliyecheka. Mkuu akaniuliza nimeyajua hayo tangu lini. Nikamwambia tangu sabuni. Akauliza mwaka mzima na nusu huu nakaa wapi mle karakana. Alikuwa anajua, alitaka niseme. Nikasema beseni. Naosha vipuri kwa dizeli, Bibi. Meza sikuwahi kupewa. Baba nilimdanganya, nawe nilikuacha udanganyike kwa sababu kila barua uliniita fundi injini na nilipenda kulisoma neno hilo.

Mkuu akasema, "Wenzako hapa wanaletewa mgonjwa mezani na bado hawaoni ugonjwa. Wewe umeuona kwenye kisichoandikwa." Akaisukuma injini yako hadi mwisho wa meza karibu na dirisha. "Hapo ni kwako. Anza na hiyo."

Sasa naandika nikiwa hapo. Nimeinua viwiko ili barua isipate grisi.

Bibi, ni bega, sivyo? Shangazi sitamwambia, hilo niliahidi. Lakini nakuomba umwambie wewe, bustani ikiwa imekwisha kulimwa na neno lake limekwisha kushikika. Bega lisilotazamwa halitaishia kwenye kamba.

Mjukuu wako, fundi wa injini moja.


Nyumbani, 10 Novemba

Mke mwenzangu, fundi,

Marahaba. Sikukujibu upesi kwa sababu nilikasirika. Nilikasirika siku mbili, nikaona haya siku moja, halafu kukawa na kazi.

Ni bega. La kulia. Niliteleza mwezi wa tano nimebeba ndoo, nikajisemea litapoa, likakataa. Mkono ukapanda hadi kifuani ukasimama hapo hapo. Siku niliyovuta ile kamba niliona nyota mchana, injini haikutoa hata mlio. Nikaitukana injini. Ilikuwa rahisi kuliko kujitukana mimi. Nilijua nikitamka bega, shangazi yako hatasubiri mvua.

Bustani nilimaliza Jumanne. Mvua ya kwanza ikaja Alhamisi jioni, ya haki, si ya kunyunyiza. Jumamosi shangazi yako akafika. Nyuma ya gari palikuwa patupu, alikuwa amepasafisha kwa ajili ya vitu vyangu. Akatembea kutoka uzio hadi uzio akitafuta magugu. Hakupata. Akasema, "Haya Mama, umenishinda."

Hapo ningenyamaza ningekuwa nimeshinda. Nilikuwa nimelitengeneza hadi jibu la kumkoga. Lakini niliutazama mkono wangu umening'inia pale, nikaona nimemshinda kwa kumficha. Nikamwambia yote. Ndoo, kamba, sabuni, ufunguo.

Aligeuka akatazama gari lake tupu. Nilidhani anafikiria begi langu. Kumbe yuko mbali kabisa. "Miezi mitano," akasema. "Mtoto wa kaka yangu ukamwandikia kurasa na kurasa. Mimi uliyenizaa ukaniambia injini."

Nikamwambia hata wewe, mke mwenzangu, sikukwambia, ulijua kwa ukaidi wako. Nikamwambia niliogopa. Sijui kama amewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. Akaanza kulia, mimi nikamwambia asilie juu ya kitalu cha vitunguu, chumvi si nzuri. Akacheka huku kamasi zinamtoka, mtu mzima na hereni zake.

Akavaa mabuti yangu. Akasema, "Nionyeshe inavyowashwa." Palikuwa na kipande kidogo kando ya banda la kuku ambacho sikukigusa. Akakilima. Mistari imekwenda kama mtu aliyesahau alikokuwa anaelekea, na Seremala alitazama kutoka uzioni bila kusema neno, nimemheshimu kwa hilo.

Jumatatu alinipandisha gari kama alivyotaka, akanipeleka hospitali. Daktari, msichana mdogo mwenye mikono baridi, aliukunja mkono huku na huku, akasema bega limeganda, halijavunjika. Akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nabadilisha injini. Jioni shangazi yako akanirudisha kwangu, akapika, akalala, na asubuhi akaondoka bila kutaja chumba. Atakuwa anakuja Jumamosi. Nimemwambia aje na mabuti yake.

Baba yako mwambie mwenyewe habari ya beseni. Anza na meza, halafu rudi nyuma, atakuwa ameshafurahi. Na hiyo injini ya mume wetu usiifungue yote siku moja. Alikuwa anaisikiliza kwanza, ameinamisha kichwa, kabla hajashika spana.

Daktari amenipa kazi. Kila asubuhi nasimama mbele ya mlango, naupandisha mkono kwenye ubao kwa vidole, kimoja baada ya kimoja, kama mdudu anayepanda. Pale nilipofika naweka alama ya mkaa. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye bawaba ya chini. Jana nilifika kwenye komeo. Leo, kabla ya kukaa kuandika, nimelipita.

Bibi yako, mkono wa kulia.